Himaya ya Shemeji

Mwalimu wa historia alikuwa anasahihisha mitihani ndani ya basi, kiwiko chake kikiwa mbavuni mwa mama aliyeketi naye. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Ubeberu wanaujua," akalalamika, kana kwamba basi zima ni darasa lake, "lakini koloni na himaya wanachanganya. Koloni, mgeni anakuja kukutawala. Himaya, anakuja kukulinda."

"Dhidi ya nani?" mama akauliza.

"Maadui."

"Mume wangu alipofariki, shemeji naye alikuja kunilinda. Alikuja na begi moja tu. Leo sebule imejaa makochi yake, kitasa amebadilisha, ufunguo anao yeye. Nikisema, naambiwa nishukuru, mjane hakai peke yake. Sasa mwalimu, mimi ni koloni au himaya?"

"Mama, hayo ni mambo ya kifamilia. Ubeberu unataka dola, mtaji, masoko."

"Hata kiduka changu cha mbele sasa anauza yeye."

Mwalimu akacheka kile kicheko cha kufunga mjadala, kisha akamwekea alama ya kosa mtoto wa watu aliyechanganya koloni na himaya. Mimi ningempa zote. Kiwiko, bila shaka, hakikusogea.

Basi likasimama. Mama akajichomoa pale dirishani, akaonyesha nje.

"Nyumba yangu ile pale, yenye mlango wa bluu. Rangi nilipaka kwa mikono yangu. Sasa nikifika napiga hodi, halafu nasimama nje kungoja nikaribishwe."