Misa Mbili za Bwana Mifugo Cleophas

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Izia, Chala, Ilemba na kila pembe ya nyanda zetu hizi za Ufipa, tueni kidogo mizigo yenu, mketi nasi. Leo tunamkumbuka Cleophas Sikazwe, bwana mifugo. Alifariki mwezi uliopita kwa shinikizo la damu, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Kwa aliyechelewa kuwasha redio, tunarudia: tunamkumbuka Cleophas, bwana mifugo, mtu aliyeomba radhi kwa miaka ishirini na tisa.

Alifika Chala mwaka 1996, shati limepigwa pasi, cheti chake bado kipya. Chuoni alisoma ng'ombe. Ng'ombe asubuhi, ng'ombe jioni. Punda alipewa nusu ukurasa.

Mwezi wa pili tangu afike, alibishiwa hodi na mwanamke aliyetembea tangu alfajiri. Jina lake Margareth. Punda wake, Mwendo, alikuwa amezaa, lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka. Punda huyo Margareth aliachiwa na marehemu mama yake, na ndiye aliyebeba maji na mahindi ya nyumba nzima.

“Limening'inia tangu jogoo la kwanza, bwana mifugo.”

“Usihangaike, dada. Ng'ombe hukaa nalo hata siku nzima. Rudi nyumbani, kesho nitafika.”

“Lakini huyu ni punda.”

“Mnyama ni mnyama, dada.”

Wasikilizaji wapendwa, mnyama si mnyama. Kizazi cha punda jike, kama kile cha farasi, hakina subira ya ng'ombe. Saa tatu zikipita kondo likiwa bado ndani, sumu huanza kuenea mwilini. Kesho yake Cleophas alikuta majirani wamefunga jembe kuukuu kwenye kondo kwa kamba ya katani, ili uzito wa chuma ulivute. Ndivyo walivyozoea kuwafanyia ng'ombe. Ndivyo na yeye alivyoona ng'ombe wakifanyiwa. Hakulifungua.

Mwendo alipona homa. Kizazi hakikupona. Mtoto wake alikufa siku ya nne kwa kukosa maziwa. Usaha ulimtoka Mwendo kwa miezi. Alipandwa na dume misimu mitatu, mimba isishike. Cleophas alirudi na vitabu vipya, akaosha kizazi kwa maji ya chumvi, akachoma sindano. Alikuwa amechelewa; makovu yalikwisha kukita ndani. Mwendo alikufa mwaka 2009 bila kuacha mtoto, na Margareth akaanza kubeba mahindi na ulezi kichwani hadi mashineni.

Margareth hakumtukana Cleophas. Alimnyima neno moja tu. Mara tatu Cleophas alikwenda kwake kuomba msamaha, na mara tatu aliandaliwa kiti, akapewa maji, akajibiwa, “Nimekusikia.”

Hapo ndipo Cleophas alipoanza mahubiri yake. Watu wengi hawakuwa na saa mkononi, lakini kila Jumapili walikaa kanisani. Akawapa kipimo wanachokijua: misa mbili zikifuatana, kama saa tatu hivi. Binti yake, Edith, anakumbuka hivi: “Baba alikuwa hatoki kanisani akaja nyumbani moja kwa moja. Anasimama langoni na kipande cha kamba, anawaonyesha watu fundo. Anasema, kondo la punda lisipite misa mbili. Usilivute. Usilitundikie jembe. Lifunge fundo lisikanyagwe, kisha niite hata kama nakula.”

Vijana wa Chala walimpachika jina: Bwana Misa Mbili.

“Bwana Misa Mbili, leo tuko ya kwanza au ya pili?”

“Cheka tu, mdogo wangu. Kondo halina utani.”

Siku moja jirani wa Margareth, mfugaji Ngeleja, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alimwambia mbele za watu, “Bwana mifugo, mimi si Mkatoliki, na punda wa hapa nao hawajabatizwa. Nipimie kwa kitu kingine.” Watu walicheka. Cleophas naye alicheka. Kipimo kingine hakumpa.

Mwaka 2021 Cleophas alimpelekea Margareth punda jike mchanga. Alimwita Radhi. Margareth alimpokea, akamfunga kamba, akasema, “Akizaa, tutazungumza.”

Basi Cleophas akawa mtu wa kungoja. Radhi alipokomaa, alipandwa, mimba ikashika. Mwaka mzima Cleophas alikuwa akipita kila wiki kumgusa tumbo, akihesabu miezi kwa vidole. Zikiwa zimebaki siku chache, moyo wake ukasimama.

Asubuhi ya maziko, Radhi alikuwa akizunguka zizini bila kutulia. Gari la wafiwa lilikuwa likipiga honi. Margareth akamwita Ngeleja.

“Shemeji, niangalizie Radhi.”

“Nenda kazike, shemeji. Ng'ombe wangapi wamezaa mikononi mwangu?”

Margareth akapanda gari. Habari ya kondo hakumwambia.

Kaburini, zamu yake ya kutupa udongo ilipofika, aliinama. Edith alikuwa karibu, akamsikia: “Cleophas, nimekusamehe.” Neno lile moja.

Alirudi nyumbani jua likishuka. Mwana punda alikuwa amesimama, miguu ikitetemeka. Nyuma ya mama yake lilikuwa likining'inia jembe.

“Nilingoja, shemeji,” Ngeleja alisema. “Nikaliona bado linaning'inia. Misa zenu sijui zina urefu gani. Nikafanya ninalolijua.”

Margareth alimsogelea Radhi. Alifungua kamba. Kondo lilikuwa limechanika, kipande kimebaki ndani. Bwana mifugo mwingine alifika kesho yake. Radhi ataishi, alisema, na mtoto atanyonya. Kuhusu mimba nyingine, alitikisa kichwa.

“Nilimngojesha mtu msamaha miaka ishirini na tisa kwa kosa hili,” Margareth alituambia. “Sasa nimelifanya mwenyewe, na wa kumwomba msamaha nimekwisha kumzika.”

Wasikilizaji wapendwa, tunaipa pole familia ya marehemu Cleophas: mjane wake Bertilla, binti yake Edith, na wote waliowahi kumwita usiku na mchana akaitika. Mungu ampumzishe. Nasi tuliobaki tujiulize: tunalolijua, tumemwambia nani? Na yule tuliyecheka naye tu, je, alielewa?

Jumapili iliyopita Margareth hakwenda misani. Alikwenda kwa Ngeleja, akasimama uani, akanyoosha mkono wake angani, akausogeza kufuata njia ya jua.

“Punda akizaa jua likiwa hapa, shemeji, kondo liwe limetoka kabla jua halijafika hapa. Lisipotoka, funga fundo, ita bwana mifugo.”

Ngeleja naye akanyoosha mkono, akapima palepale.

“Ni hivyo tu?”

“Ni hivyo tu.”