Soko la Waingereza

Njaa ya Vita vya Maji Maji ilikuwa imeikaba Rufiji. Nassibu alisukuma mtumbwi mtoni kwa pondo, kwa mikono iliyochoka, akiwasikiliza abiria wake wawili wasiojuana. Mzee Mshamu, aliyekuwa baharia, alisifia mji wa kale alioutembelea Uingereza. "Soko lao la tangu mababu. Ukutani yangalipo matundu ya risasi za vita vya zamani, na chini yake watu wanauza kabichi."

Nassibu, ambaye hakuwa amekula tangu jana, aliona kabichi ya chini ya matundu ya risasi angeiacha, hata kwa njaa ile.

Mwantum, abiria wa pili, ambaye soko la kwao lilichomwa na askari, akauliza, "Baba, hao wauzaji ni wajukuu wa waliouza kabla ya vita, au watu wengine?"

"Sikuuliza, mwanangu."

"Ungeuliza, baba."

Mtumbwi ukagota ukingoni mwa kijiji cha Mbuchi. Hakuna aliyeharakisha kushuka.