Vidonge Vilivyoinua Macho, Vikabana Kifua

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi saa na mshona mashuka ya hospitali. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye shaka. Baba alifungia bisibisi zake kabatini hata akienda msalani, na mama alionja chumvi aliyoinunua mwenyewe. Marehemu alirithi shaka ya wote wawili.

Shuleni aliitwa Hebu Nione. Mwalimu wa sayansi aliposema kwamba maji huchemka upesi zaidi mlimani, binti alinyoosha mkono akaomba apelekwe mlimani. Alitolewa nje ya darasa. Mwaka 1979 alijiunga na chuo kikuu, akiwa bado hajaamini.

Kuanzia 1984 alifanya utafiti katika maabara ya chuo. Alining'iniza vipande vya bomba la pumzi la sungura kwenye mirija ya kioo yenye maji ya uvuguvugu, akavigusa kwa umeme mdogo. Neva zikiamka hutoa kemikali inayouamuru msuli ubane, kisha kimeng'enya huifagia kemikali hiyo na msuli hulegea. Yeye alitia dawa za kukizuia kimeng'enya hicho, aone msuli utabana kwa nguvu gani amri isipofagiwa. Siku zote kipande kimoja hakukitia dawa, kiwe cha kulinganishia.

Mwaka 1986 kipande kisicho na dawa nacho kilianza kubana kupita kiasi. Alimshuku mtafiti mwenzake kuwa anamchezea, akamfungia mlango. Kumbe mfagiaji alikuwa akiwapulizia mende sumu karibu na mirija iliyoanikwa, na sumu ile nayo huzuia kimeng'enya kilekile! Alimwomba mwenzake radhi mbele ya watu. Yule bwana akajibu, "Haina neno. Afadhali nishukiwe na mtu anayepima."

Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1987, wakajaliwa binti mmoja. Bwana arusi alisema alipekuliwa kwanza, akapendwa baadaye.

Mwaka 2015 kope za Marehemu zilianza kushuka juu ya macho na shingo ikalegea. Neva zilikuwa zinatoa amri, misuli haiipati vizuri. Daktari alimwandikia vidonge vya jamii ileile ya dawa aliyoitia kwenye mirija miaka yote. Macho yakainuka, lakini kifua kikaanza kubana. Mume ndiye aliyempa vidonge, basi maneno yakaanza.

"Huyu shemeji anampa nini?" kaka yake mkubwa aliuliza. "Mbona kila akimeza anahema? Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia leo hamezi kitu kutoka mkononi mwake."

Akavichukua vidonge. Kesho yake Marehemu hakuweza kumeza hata mate, akakimbizwa hospitali. Aliporudi hakugombana na mtu. Alimtuma mumewe akalale kwa jirani, akamwita kaka, akamtaka afungue pakiti mpya na kumpa kidonge kwa mkono wake. Kaka akampa. Kifua kikabana vilevile.

"Haya, kaka," alisema akihema, "sasa nikushuku wewe?"

Kaka alikaa kitako sakafuni akalia, kisha akaenda mwenyewe kwa jirani kumrudisha shemeji yake. Daktari alipunguza kipimo, akaongeza dawa ya kulegeza kifua, na familia ikapata miaka minane ambayo haikuitarajia.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2023 kwa homa ya mapafu, mumewe akiwa amemshika mkono. Na bado jana, matangani, jamaa mmoja alinong'ona, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mchunguzeni mume." Kaka alikuwa akipanga viti. Aliweka kiti chini.

"Wewe ulimpa kidonge mara ngapi?" akamuuliza.

"Mimi? Hata mara moja."

"Mimi nilimpa. Basi kama ni mume, anza na mimi."

Akakiinua kiti, akaendelea kupanga.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, kaka yake, na mdogo wake anayesoma maneno haya. Kaka ameagiza jina la mume litangulie, na yeye mwenyewe asimame kando yake udongo utakaporushwa. Mungu ampumzishe dada kwa amani, na atupe sisi tuliobaki ndimi nzito.