Karatasi ya Labo Niliyoisoma Peke Yangu

Amahoro kwenu, mama zangu wa mawese na ndugu wote mliokusanyika hapa. Sauti ikikatika, mnivumilie.

Sisi wa Minago tunajuana: mkamuaji wa mawese viganja vyake ni vya manjano mwaka mzima. Mama alipoanza kubadilika rangi, nani angeshtuka? Mimi nilishtuka nilipoona hata macho yamegeuka, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi.

Sikusomea udaktari. Nilijifunza kwenye simu, kila ukurasa mara tatu, maana naogopa kukosea kuliko kufa. Nikasoma kwamba watafiti wanatafuta protini katika damu, mkojo na nyongo zinazoweza kuonyesha mapema kansa ya mirija ya nyongo. Moja tayari inapimwa. Tukaipima kwenye labo, maabara ya Bujumbura, karatasi ikaonyesha iko juu sana.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikumngoja daktari. Nilimwambia mama mbele ya dada zake kwamba ni kansa.

Akacheka kidogo. "Mutoto wangu, basi usinisumbue na hopitali. Kama kifo iko njiani, inikute hapa kwangu."

Wiki tatu alijikuna mwili mzima kwa ile manjano, kisha homa ikaanza kumtetemesha. Mimi nasoma tu. Ndipo akaja shangazi yangu, muuguzi mstaafu.

"Ulipimisha damu akiwa manjano hivi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wewe dokta wa telefone! Nyongo ikiziba, hiyo protini inapanda hata kama kansa hakuna. Beba mama yako!"

Tulimbeba hadi hospitali. Madaktari wakakuta jiwe limeziba mrija wa nyongo. Kansa hakuna. Lakini uambukizo ulikuwa umeshaingia kwenye damu, na siku ya nne mama akafariki.

Baadaye nilifungua ule ukurasa. Onyo la shangazi lilikuwemo. Nilikuwa nimelisoma mara tatu, likanipita.

Nilijifungia, sili, siogi. Mmoja wenu akaja, hakunipa pole. Alisema, "Ulikosea. Sasa oga. Kuna mama mmoja kule Kigwena macho yake manjano, hana wa kumpeleka." Nikaoga, nikampeleka siku ileile. Yuko hai. Kuna siku nikimwona namwonea wivu mpaka nageuza njia.

Murakoze, asante sana, shangazi. Murakoze wewe uliyegonga mlango wangu bila kunibembeleza.

Najua wengine mmekuja na bahasha za majibu ya labo, mnataka nisome. Sitazifungua. Kipimo kimoja bila daktari kinaweza kumzika mtu aliye hai. Mgonjwa na bahasha yake waende pamoja hospitali, leo, na mimi nitawasindikiza.