Kadi Yenye Jina Moja: Wasifu wa Marehemu Hedley Tustain (1938–2024)

Marehemu Hedley Tustain alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 katika kijiji cha Upper Hask, Oxfordshire, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Walter na Ada Tustain. Mdogo wake, Maurice, alimfuata baada ya miaka mitatu. Ndugu hao walilala kitanda kimoja, wakavaa koti moja kwa zamu, na wakazungumza Kiingereza cha mama yao, kile cha zamani ambacho hata wakati huo watu wa mjini walikicheka.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1953. Huko alichapwa rula vidoleni kwa kuandika katika insha neno “puthery”, ambalo kwao lilikuwa joto lile la kunata kabla ya radi. Aliuliza aandike nini badala yake. Mwalimu akafikiri, akamwambia akae chini.

Mwaka 1956 aliajiriwa posta, akasambaza barua kwa miaka arobaini na mmoja, mingi kati ya hiyo kwa baiskeli. Chini ya barua alibeba kadi tupu na penseli. Kila neno la zamani alilolisikia aliliandika pamoja na maana yake, tarehe, na jina la aliyelisema. Mwaka 1964 mfugaji mmoja, Jesse Hawtin, alimtungia neno la mguu wa kushoto wa bata. Hedley akaliandika kwa mwandiko wake mzuri, na kijiji kikamcheka hadi Krismasi. Tangu hapo alijiwekea sharti: neno haliingii katika kitabu cha maneno alichokuwa akikiandaa mpaka watu wawili wa nyumba mbili walitamke wenyewe, bila kuulizwa. Basi akawa mtu wa kukaa majikoni mwa watu, akinywa chai na kuzungusha mazungumzo, barua za wengine zikisubiri. “Hedley huyo anakuja,” Hawtin alikuwa akiwaambia wanawe. “Fungeni midomo, la sivyo majani ya chai yatatuishia.”

Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Beryl Hitchman, wakajaliwa binti mmoja, Rosalind, aliyeandika wasifu huu. Beryl, aliyetangulia mwaka 2015, alizoea kusema kwamba mume wake husikia neno lililosemwa ng’ambo ya bonde lakini hasikii birika linalochemka mbele yake. Alilisema kwa kucheka. Miaka ya mwisho hakucheka sana.

Liko jambo moja ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisirukwe. Alasiri ya tarehe 3 Novemba 1991 mama yao alikuwa mahututi, mwana mmoja kila upande wa kitanda. Akasema kwamba tangu baba yao afe nyumba imekuwa “unked”. Huo ni upweke wa mahali palipoondokewa na mtu, wenye woga kidogo ndani yake. Hedley hakuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni. Aliuachia mkono wa mama yake akatafuta penseli. Alipoinua macho, mama alikuwa ameshakata roho.

“Mama anakufa, wewe unaandika?” Maurice alimwambia. “Haya, kaa na kadi zako.”

Walikaa miaka thelathini na miwili bila kusemezana, na nyumba zao ziko maili moja tu. Kadi ya neno lile ilibaki na jina moja, la Ada Tustain. Hedley alizunguka majikoni yote, na mwisho akajua kwamba shahidi wa pili hayuko ila Maurice. Kumuuliza hakukuruhusiwa na sharti lake. Ilimbidi aende, aketi, wazungumze kama ndugu. Mara tatu alifika hadi getini kwa mdogo wake, akageuza baiskeli. Kitabu kilikamilika kikiwa na maneno 1,210, na hilo halimo.

“Nilimwandika mama badala ya kumshika mkono,” alimwambia Rosalind. “Hata mimi nisingemsemesha mtu wa namna hiyo.”

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Mapema mwezi wa Machi mwaka huu alilazwa, akaomba mdogo wake aitwe. Ulikuwa msimu wa kondoo kuzaa, na Maurice akaahidi kuja Jumatano. Hedley alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 12 Machi 2024, akiwa na miaka 86.

Jumatano Maurice alifika nyumbani hata hivyo, kofia mkononi. Aliketi kwenye kiti cha kaka yake, akatazama birika, meza, kabati la kadi.

“Kumekuwa unked humu ndani,” alisema. “Unked kabisa.”

Penseli ilikuwa mezani. Rosalind hakuigusa. Alimshika baba yake mdogo mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Maurice ndiye aliyeisogeza ile penseli.

“Liandike, mwanangu. Kaka angeliandika.”

Limeingia kitabuni, la 1,211.

Marehemu ameacha binti yake Rosalind, mkwe wake Clive, wajukuu wawili, Tessa na Rowan, na mdogo wake Maurice. Kadi yenyewe, sasa ikiwa na majina mawili, imo katika mfuko wa koti alilovalishwa leo. Penseli tumebaki nayo sisi.

Apumzike kwa amani, na safari hii mkono wa mama yake asiuachie.