Raundi Mbili Zilizobaki za Leonard Haslam

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka Glasgow na Cardiff mkiwa mmevaa makoti mazito kana kwamba huku Lancashire ndiko kwenye baridi zaidi, familia ya Haslam imeomba yasomwe maisha ya mpendwa wetu Leonard, aliyeitwa Len na kila mtu isipokuwa ofisi za serikali, na imeomba yasomwe kama yalivyokuwa, kwa sababu marehemu mwenyewe aliwahi kutoka katikati ya mazishi ya jirani akidai ameingia kanisa silo, kwa kuwa mtu aliyekuwa akisifiwa mle ndani hamfahamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1957, mjini Leigh, akiwa mtoto wa tatu wa Harold Haslam, mchimba makaa ya mawe, na Edna, mfumaji katika kiwanda cha pamba, na alipata elimu yake hapahapa mjini hadi Pasaka ya mwaka 1973, alipoondoka shuleni na cheti cha kuogelea pamoja na taarifa ya mwalimu iliyosema kwamba Leonard angeweza kama angetaka, taarifa ambayo mama yake aliitundika jikoni, na ambayo yeye aliijibu kwa kusema kwamba kutaka anataka, ila si hayo.

Alichokitaka kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mikate, ambako Wilf Unsworth, mwalimu wa ndondi, alikuwa na ulingo mmoja, mifuko mitatu ya kupiga, na harufu ya mkate moto iliyochanganyika na mafuta ya kuchulia misuli, harufu ambayo Len alisema ndiyo atakayoikuta peponi, kama huko nako hawajaipiga marufuku kwa sababu za afya na usalama. Mwaka uleule wa 1973 aliajiriwa mgodini kama baba yake, akawa anashuka shimoni alfajiri na kupanda kwa Wilf jioni, na mwaka 1982 akawa bingwa wa Uingereza wa uzito wa unyoya.

Tarehe 14 Juni 1980, katika kanisa hilihili tulimokaa, alifunga ndoa na Brenda, binti wa Wilf, na baba mtu aliposimama kuwatakia heri hakuwa na maneno mengi. "Nimemwoza binti yangu kwa kijana anayeshusha mkono wa kushoto," alisema. "Mtakuja kuona wenyewe." Mungu akawajalia watoto wawili, Janine, aliyezaliwa mwaka 1981, na Carl, aliyezaliwa mwaka 1985.

Hapa inatubidi tumtaje Evaristo Lizárraga wa Mazatlán, Meksiko, aliyekaa na mkanda wa dunia miaka minane, na ambaye watu watatu wa visiwa hivi walipanda ulingoni naye, kila mmoja akashindwa kwa namna yake. Hamish Dunsmuir, ambaye tunamshukuru kwa kuwepo hapa leo, alikutana naye Glasgow mwaka 1981 na kuangushwa kabla watu wa viti vya nyuma hawajaketi, na Emlyn Prosser, ambaye mjane wake Gwyneth yuko nasi, alisimama naye Cardiff mwaka 1983 raundi zote kumi na mbili, akashindwa kwa pointi, na ukumbi mzima ukainuka kumwimbia. Wa tatu alikuwa Len, mjini Manchester, Jumanne tarehe 9 Oktoba 1984, mgomo wa wachimbaji ukiwa katika mwezi wake wa nane, na wenzake wa shimoni wakiwa wamejaa pande tatu za ukumbi kwa sababu jioni ile angalau kulikuwa na mtu wa Leigh aliyeruhusiwa kupigana bila polisi kuingilia.

Raundi ya kumi ilipokwisha marehemu alirudi kwenye kona akiwa nyuma kwa pointi, jicho la kushoto limefumba kabisa, akakaa kwenye stuli, na Wilf akamfuta uso kwa taulo, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwita refa.

"Mzee, zimebaki mbili tu," Len alisema.

"Najua kuhesabu," Wilf alisema, na akamgeukia refa. "Basi. Huyu ni mkwe wangu, si ngoma."

Kwa kanuni za mchezo huu neno la kona ndilo neno la bondia, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mamlaka ya ndondi iliandikwa kwamba Haslam alijitoa, na Len, ambaye hakujitoa hata kwenye foleni ya posta, aliandika kuomba isomeke kwamba alitolewa, naye akajibiwa baada ya mwaka na miezi kadhaa kwamba maoni yake yamepokelewa kwa shukrani, lakini hakuna sehemu ya kuandika hivyo.

Jicho lilipona lakini hakupewa tena leseni, akarudi mgodini hadi ulipofungwa mwaka 1992, kisha akaajiriwa na halmashauri kuendesha lori la kumwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kazi aliyoipenda kwa sababu, alisema, ndiyo pekee ambayo wakubwa wake walikuwa wamelala alipokuwa akiifanya. Kila Jumapili alikula nyama ya kuoka na viazi mezani kwa Wilf, wakazungumzia raga, bustani na bei ya mbao, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyetamka neno kuhusu raundi ya kumi, wala ile ya kumi na moja. Ila Brenda alikuwa akijua. Birika la umeme la jikoni kwao lilichukua dakika tatu kuchemka, sawasawa na raundi moja, na mara nyingi alimkuta mumewe amesimama mbele yake, kidevu kimejificha nyuma ya bega, miguu ikicheza kidogo ndani ya ndala, mpaka swichi iruke, ndipo atazame huku na huku kama mtu aliyeshushwa kwenye basi kabla ya kituo chake. Brenda alimimina chai.

Wilf alifariki mwaka 1999, na Len akaurithi ulingo wa juu ya duka la mikate, ambako mabondia aliowafundisha, baadhi yao wamelibeba jeneza leo, watakumbuka kwamba hakuna kona katika kaunti hii iliyowahi kusimamisha mapigano mapema kama yake. Mmoja wao alipokasirika na kurusha glavu ukutani, Len alimwambia, "Nichukie tu, mwanangu. Mimi nilimchukia wangu miaka yote, na viazi vyake nikala."

Machi 2006 kulikuwa na chakula cha jioni katika hoteli moja mjini Bolton, zile shughuli ambazo bingwa wa zamani huletwa kupiga picha na watu waliokwisha kunywa, na mwandaaji akaona ni jambo la kupendeza kuwaketisha meza moja na Lizárraga wale watatu aliowapiga. Hamish, ambaye hadi leo akili yake ni kali kuliko ya wengi wetu, aliwapanga tangu supu ilipoletwa. "Mimi nililala, Emlyn akasimama, wewe Len ukakaa kitako. Kati yetu tumemwonyesha kila kitu isipokuwa ngumi." Walicheka wote, Emlyn akachelewa kidogo, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, maneno yalimjia polepole, na Gwyneth ndiye aliyekuwa akimkatia nyama. Len aliyaona hayo yote akiwa ameketi mkabala naye, na njiani kurudi nyumbani alimwambia Brenda kwamba ameyaona, na kwamba, Mungu amsamehe, bado anamwonea wivu kwa zile raundi zake kumi na mbili.

Usiku ule mtu fulani alimuuliza bingwa, kupitia mkalimani, ni nani kati ya watatu aliyemsumbua zaidi, naye, ambaye kikombe alikishika kwa mikono miwili, alikiweka mezani kwanza. "Niwieni radhi, sikumbuki yupi ni yupi," alisema. "Ninayemkumbuka ni yule mzee mwenye taulo. Katika kona yangu hakuwepo mzee kama yule." Ukumbi ulipiga makofi, na Len naye alipiga, ila ndani ya gari alisema jibu ni zuri sana, lakini huyo bwana hakuulizwa habari za mzee.

Mwaka 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari walisema huenda unatokana na ngumi, au na umri, au na vyote viwili, na mwaka 2021 alihamia kwenye nyumba ya matunzo huko Atherton. Alisahau lori, alisahau mgodi, siku nyingine alitusahau sisi, lakini aliketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini, akimuuliza kila aliyepita, "Tayari? Ni ya kumi na moja?" Mwongozo wa nyumba ulielekeza kwamba mkazi akumbushwe kwa upole tarehe na mahali alipo, basi akawa anajibiwa kwamba ni Jumatano na yuko Atherton, habari ambazo hazijawahi kumfurahisha mtu yeyote, na Brenda naye aliufuata mwongozo, akihofia kumdanganya mtu ambaye hakuwahi kumdanganya.

Ijumaa tarehe 3 Novemba mwaka huu, Brenda alikuja na birika lao la jikoni ndani ya mfuko wa sokoni. Mabirika hayaruhusiwi vyumbani. Muuguzi Siobhan Brannigan alilitazama birika, akamtazama Brenda, kisha akageuka na kuanza kusoma kwa makini sana tangazo la ukutani linalokataza mabirika. Len alipouliza kama ni ya kumi na moja, Brenda alisema, "Ndiyo, Len. Toka kwenye kona," akabonyeza swichi, na Len akainuka, kidevu nyuma ya bega, akasimama dakika zote tatu. Swichi iliporuka alimketisha, akamfuta uso, akamwaga maji, akajaza mengine ya baridi. "Ya mwisho hii. Inua mkono wa kushoto." Akauinua. Birika lilipochemka mara ya pili, Brenda alimshika mabega akamwambia imekwisha.

"Nani kashinda?"

Brenda ni binti wa Wilf Unsworth. "Yeye. Kwa pointi."

"Najua," Len alisema. "Nilitaka tu niwepo akitangazwa." Kisha akauliza, "Mzee yuko wapi?"

"Anakunja taulo."

"Mwambie afanye haraka. Viazi vitapoa."

Aliketi, safari hii akaegemea kiti, na hakuuliza tena. Alifariki Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, akiacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wahudumu wote waliomtunza, majirani walioleta pai za nyama kwa wingi ambao friji yetu haikuutarajia, madereva wenzake wa halmashauri, wachimbaji wa zamani, mabondia wake, Hamish na Gwyneth kwa safari ndefu, na kwa namna ya pekee muuguzi Siobhan, kwa jambo ambalo mwongozo hauturuhusu kulitaja.

Pumzika kwa amani, Len. Mapumziko haya hayana kengele.