Ufunguo wa Ghorofa ya Nne

“Mgeni rasmi, mheshimiwa Ornella Capuozzo, mjumbe wa baraza la jiji la Napoli anayeshughulikia utamaduni; baba paroko; viongozi mlioandamana naye; majirani wapenzi, na wewe Titina pia...”

“Pia ndiyo nini?” sauti ikadakia kutoka roshani ya upande wa pili. “Mimi ni kiraka?”

“...na wewe Titina, mama wa kelele zote, tunaomba utulivu!”

Kichochoro kizima kikacheka. Mgeni rasmi, aliyekuwa chini kabisa amesimama juu ya mawe meusi akiwa na viatu vyake vya heshima, akainua shingo kumtafuta msomaji, maana risala hiyo ilikuwa inasomwa kutoka ghorofa ya nne. Msomaji alikuwa Donna Carmosina Iovine, mjane, mshona glavu wa zamani, ambaye hajashuka ngazi zake tangu magoti yalipogoma, na yaligoma miaka mingi iliyopita. Sabatino kinyozi, mwenyekiti wa wakazi na mwandishi wa risala, alikuwa amempandishia kipaza sauti asubuhi. Alirudishwa nacho mkononi.

“Nimelea watoto watano hapa, wote nikiwaita kula kwa koo hili hili,” Donna Carmosina alimwambia. “Hicho kidude kapelekee wagonjwa.”

Kila mtu alijua mgeni amefuata nini. Jiji lilikuwa limepanga njia moja ya kuwatembeza watalii katika makanisa ya kale ya mitaa ile, na njia hiyo itakuwa na kiongozi, tiketi na saa maalumu, na funguo zote zitatundikwa ofisini. Uliobaki ni ufunguo mmoja tu, wa kanisa dogo la Mtakatifu Ana wa Mafundi Glavu, nao ulikuwa ndani ya kapu la Donna Carmosina, kando ya mguu wake. Katika karatasi za Sabatino, habari ya ufunguo haikuwemo hata kwa mbali.

“Mkubwa hanyimwi alichokuja kuchukua,” Sabatino alikuwa amemweleza. “Tutaomba taa na mapipa ya taka, tupige makofi, yaishe.”

“Haya,” alijibu Donna Carmosina. Waliomjua vizuri waliiogopa “haya” hiyo.

KARIBU

“Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wakazi wa Kichochoro cha Taa Tatu tuna furaha isiyo kifani kukuona miongoni mwetu. Tunakukaribisha katika kichochoro chembamba kiasi kwamba ukipiga chafya nyumba hii, unaambiwa ‘afya’ nyumba ya pili. Tunaomba radhi kwa maji yaliyokudondokea ulipoingia. Hayo ni ya shuka za Titina.”

“Shuka safi!” alifoka Titina. “Heri kudondokewa na shuka zangu kuliko kujifunika za kwako!”

Mgeni rasmi akapangusa bega, akatabasamu kidogo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, na kwapani alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi uliokuwa mtupu. Donna Carmosina aliuona mkoba ule, akaelewa umeletwa kubeba nini.

HISTORIA

“Mheshimiwa, kanisa letu lilijengwa na mafundi glavu wa mtaa huu baada ya tauni kubwa...”

“Baada ya tetemeko!” Titina alisema. “Bibi yangu alisema tetemeko!”

“Bibi yako alikuwepo?”

“Alikuwa na sura ya kuwepo!”

“Basi lilijengwa baada ya balaa, mheshimiwa, balaa lenyewe utachagua. Mafundi hao walifukuzwa katika kanisa la watengeneza ngozi kwa sababu walikuwa wakiimba vibaya. Wakasema, haya, tutajenga letu, tuimbe vibaya tupendavyo. Na mpaka leo, mheshimiwa, ahadi hiyo tumeitimiza.”

Baba paroko akakohoa. Donna Carmosina akageuza ukurasa.

“Padre wa mwisho kuishi hapa alipohamishwa, alimwachia ufunguo marehemu mume wangu, Eligio, akasema atarudi baada ya Pasaka. Hakusema Pasaka ipi. Eligio akaushika mpaka kufa, nikaushika mimi. Miguu ilipokataa, tukabuni utaratibu. Anayetaka kuingia kanisani anasimama hapo uliposimama wewe, anaita jina langu. Ninatoka, ninamtazama usoni, ninamuuliza ametoka wapi, mama yake hajambo, amekula au hajala. Akijibu vizuri, ninamteremshia kapu, ufunguo umo ndani.”

“Na asiyejibu vizuri?” aliuliza mgeni rasmi kutoka chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

“Huyo anateremshiwa kipande cha mkate kwanza, mheshimiwa. Njaa huharibu adabu.”

MAFANIKIO

“Mafanikio yetu ni mengi, tutataja machache. Moja, hakuna mgeni aliyepotea katika vichochoro hivi akatoka na njaa. Ni kweli kwamba akiuliza njia kwa watu watano anapata njia tano, lakini zote zinapita jikoni kwa mtu. Yupo Mjerumani mmoja aliyeuliza liliko Kanisa Kuu. Kanisa Kuu hakuliona, ila siku hiyo hiyo alisimamia ubatizo wa mtoto wa muuza samaki, na mpaka sasa kila Krismasi anamtumia mwanawe wa ubatizo soksi.”

“Kubwa mno!” alipaza sauti Vicienzo muuza samaki kutoka mlangoni pake. “Lakini moyo wake ni mzuri!”

“Mbili, ufunguo haujapotea hata siku moja.”

Kichochoro kizima kikaguna kwa pamoja, mguno wa watu wanaojua jambo.

“Isipokuwa mara moja,” Donna Carmosina akakiri. “Kamba ilikatika, ukaangukia kwenye ndoo ya kome ya Vicienzo, naye akawauzia watu wa arusi bila kutazama. Ulirudi kesho yake umechemshwa na vitunguu saumu. Na toka siku hiyo, mheshimiwa, kitasa kinafunguka kwa ulaini wa ajabu.”

Mgeni rasmi alicheka kwa sauti, akaziba mdomo. Sabatino kinyozi, aliyekuwa amesimama kando yake na tai inayomkaba, alifumba macho. Habari za kome hakuwa ameziandika yeye.

CHANGAMOTO

“Pamoja na mafanikio hayo, mheshimiwa, hatukosi changamoto. Taa za kichochoro ni tatu kwa jina, inayowaka ni moja, na yenyewe huwaka mchana. Pikipiki hupita hapa utadhani zinafukuzwa. Wageni hupiga zaidi picha za suruali zetu kwenye kamba kuliko wanavyopiga picha za makanisa, na suruali ya Sabatino, kwa habari tulizonazo, imefika hadi Japani.”

“Donna Carmosì, soma kilichoandikwa!” Sabatino alinong'ona, mnong'ono wa kufika ghorofa ya nne.

“Nasoma kilichopo, kinyozi! Changamoto nyingine ni ngazi. Nyumba hii ina ngazi nyingi, na mimi nina magoti mawili tu. Kutoka kwenye roshani hii, mheshimiwa, naona mlango wa kanisa na kipande cha ukuta. Nilifungia ndoa mle ndani. Nilimzikia mume mle ndani. Sasa naliona kwa midomo ya watu.”

Hapo alisita. Akautazama mlango wa kanisa.

“Kwa hiyo tumeweka ada, mheshimiwa. Pesa hatutozi. Anayerudisha ufunguo anasimama hapo chini ananieleza ameona nini mle ndani. Ndiyo ada, hiyo tu. Kijana mmoja wa Kikorea aliniambia malaika wa kushoto ana sura ya mtu aliyesahau kitu jikoni. Nimeolewa mbele ya malaika yule, na sikuwahi kumtazama.”

Kwenye roshani ya upande wa pili Titina alikuwa ametulia tuli, jambo lililowatia watu wasiwasi.

MAOMBI

“Mwisho kabisa, mheshimiwa, tunaleta maombi yetu kwako. Tunaomba taa. Tunaomba mapipa ya taka. Tunaomba...”

Karatasi ilikuwa imekwisha. Chini, Sabatino alianza kupiga makofi ili aifunge shughuli, na makofi yake yakabaki peke yake, yakaona haya, yakaacha. Donna Carmosina alikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa aproni.

“Maombi mengine hayakuandikwa,” alisema, na sauti yake ikashuka hata watu wakasogea. “Kinyozi aliogopa kukuudhi, usimlaumu, ana leseni ya duka ya kufikiria. Sisi hatupingi utaratibu. Njia yenu ni nzuri, wageni waje, walipe, wapewe kiongozi mwenye mwavuli. Lakini ufunguo ukienda ofisini, mheshimiwa, hakuna atakayesimama hapo akaita jina langu. Watoto wangu wako Torino na Ujerumani, wananipigia simu Jumapili. Siku nyingine zote naitwa na watu nisiowajua. Mzee anayeitwa hupata sababu ya kuchana nywele. Hilo ndilo ombi, nami nimelisema.”

Akavuta pumzi, akamalizia kama mtu anayefunga mlango nyuma ya mgeni:

“Mtakatifu Ana akutunze, mheshimiwa, akupe miguu ya kupanda na watu wa kukuita. Awabariki na ofisini kwako, hata wale wasiopokea simu. Ni sisi watiifu wako, wakazi wa Kichochoro cha Taa Tatu, sote, na Titina.”

Mgeni rasmi alipaswa kutoa hotuba, ilikuwa mkononi mwa msaidizi wake, imepigwa chapa. Akamzuia kwa kiganja. Akaweka mikono mdomoni, akaita:

“Donna Carmosina! Naomba ufunguo!”

Donna Carmosina akainama juu ya chuma cha roshani, akamtazama usoni.

“Umetoka wapi?”

“Natoka Fuorigrotta, mama.”

“Mama yako hajambo?”

“Ametangulia, miaka minne sasa.”

“Pole, mwanangu. Umekula?”

“Kahawa tu.”

“Kahawa tu, anasema!” alilia Titina. “Mwenye cheo kama hicho!”

Kapu likashuka taratibu. Ndani yake mlikuwa na ufunguo mkubwa kama kijiko cha mchuzi, na kipande cha mkate wenye nyama ya kuokwa. Mgeni rasmi alitafuna kidogo, kwa heshima, kisha akatafuna kwa njaa. Akaingia kanisani peke yake. Alikaa humo hata baba paroko akaanza kutazama saa, na Donna Carmosina juu huko akikamata chuma cha roshani kwa mikono yote miwili.

Alipotoka alikuwa na vumbi magotini.

“Umeona nini?” aliuliza Donna Carmosina.

“Nimeona altare ya marumaru ya karne ya...”

“Hiyo imo vitabuni. Wewe umeona nini?”

Mgeni rasmi akafikiri.

“Nimeona ukuta wa glavu,” alisema. “Pembeni ya Mtakatifu Ana. Mamia ya glavu zimetundikwa kwa misumari. Nyingi ziko mbili mbili. Nyingine ziko moja moja, za kushoto. Kwa nini?”

Watu wakajibu kwa pamoja mpaka ikabidi Vicienzo awanyamazishe, amweleze. Anayeomba jambo kwa Mtakatifu Ana hutundika glavu ya kushoto. Akijaliwa, huleta ya kulia. Ndivyo wanavyofanya tangu zama za mafundi.

“Basi iko moja ya kushoto ambayo bado mpya,” mgeni rasmi aliendelea, akitazama juu. “Ya rangi ya divai. Imeshonwa kwa mkono, mishono midogo sana, sijawahi kuona mishono kama ile. Nimeigusa, mnisamehe. Bado ina harufu ya sabuni. Ni ya nani?”

Katika mtaa ule alibaki mtu mmoja tu wa kushona hivyo, na watu wote walikuwa wanamtazama.

“Nilimpa mwanamke mmoja wa Kipolandi aniwekee,” alisema Donna Carmosina. “Mlipotangaza mpango wenu.”

“Uliomba nini?”

“Maombi ya Ana hayasemwi kichochoroni, mheshimiwa.”

“Ameshayasema yote sasa hivi!” alipiga kelele Titina, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. “Kila mtu kasikia! Mpe mwanamke ufunguo wake jamani, mimi nitagombana na nani akikaa ndani?”

Mgeni rasmi akautazama ufunguo, akautazama mkoba wake wa ngozi. Akamgeukia msaidizi wake, akasema kwa sauti ya ofisi, ya kusikika na mashahidi:

“Andika. Ufunguo wa Mtakatifu Ana wa Mafundi Glavu unabaki mahali ulipo, na wageni wote wa njia yetu wataletwa hapa kuuomba kwa utaratibu wa mtaa. Kwa muda. Mpaka baraza litakapokaa na kuamua.”

“Kwa muda!” Sabatino alirudia, na kichochoro kikalipuka kwa vifijo, maana katika mji ule hakuna kinachodumu kama kitu cha muda. Viguzo vilivyowekwa kwenye ukuta wa Vicienzo baada ya tetemeko la ujana wake, vya muda, vilikuwa vimemwona akioa, vikamwona akiwaozesha binti zake. Watu walikumbatiana. Baba paroko alimkumbatia mtu ambaye hakuwa ameungama tangu ujana.

Donna Carmosina alikuwa ameingia ndani. Alikawia, wakadhani anaficha machozi, na machozi kweli yalikuwepo, aliporudi hakuyapangusa. Akateremsha kapu tena. Mgeni rasmi akanyoosha mkono ili aweke ufunguo ndani.

“Subiri, usiurudishe kwanza,” alisema Donna Carmosina kutoka juu. “Nina safari moja ya kukutuma, mwanangu.”

Ndani ya kapu mlikuwa na glavu ya rangi ya divai, ya mkono wa kulia.

Mgeni rasmi akaichukua, akauliza kama kuna mtu mwenye nyundo, akarudi kanisani.